Maziwa Badala ya Glovu

Nilifika Dodoma nikiwa nimekaa juu ya magunia ya viazi kwa siku tatu. Lori lilitoka Njombe Jumatatu alfajiri, likalala Iringa kwa sababu rejeta ilikuwa inavuja, kisha likashika barabara ya Mtera ambayo siku hizo ilikuwa changarawe na mashimo tu. Tulikuwa abiria sita juu ya mzigo. Kila mmoja alikuwa amejifunga kitambaa kichwani hadi yamebaki macho, na bado tulipiga chafya vumbi jekundu. Mtera springi ikakatika. Tukashinda pale karibu na bwawa tukila samaki wa kukaanga na kumwangalia utingo akiingia na kutoka chini ya gari.

Dereva wa lori aliniuliza ninakwenda wapi.

"Arusha."

"Arusha kuna nani wako?"

"Hakuna."

"Basi kuna nini?"

Nilikuwa na miaka ishirini na tatu, cheti cha kidato cha nne ndani ya bahasha ya kaki, na tabia ambayo hata leo nimepita arobaini sijaiacha: nikikaa mahali zaidi ya mwaka mmoja naanza kuulizia magari ya kwenda kwingine. Lori lilikuwa linaishia Dodoma. Nikashuka nitafute kibarua cha wiki mbili, nipate nauli, niendelee na safari. Nikakaa miaka miwili.

Ilikuwa miaka ambayo mashirika ya umma yalikuwa yanafungwa moja baada ya jingine. Watu waliokaa kwenye nyumba za shirika tangu ujana wao waliambiwa wamepunguzwa kazini. Wakafungasha walichoweza kubeba, wakapanda treni wakarudi makwao. Nyuma yao walibakiza nyumba zilizojaa: magodoro yaliyooza, mafaili, betri za magari, makopo ya rangi, dari zilizojaa mavi ya popo. Walionunua nyumba hizo walizitaka tupu, na walizitaka upesi.

Hapo ndipo tajiri wetu alipoiona riziki. Alikuwa mzaliwa wa mjini, mtu wa kofia na kikoi, na babu yake mzaa babu alifika Dodoma na misafara ya biashara, akaoa, hakuondoka tena. Tajiri alikuwa na duka la kanga. Biashara ilipofunguliwa kwa kila mtu, maduka ya kanga yakawa kumi katika mtaa mmoja. Akalifunga lake, akanunua lori kuukuu la buluu, akaanza kutoa takataka kwenye nyumba za watu.

Siku niliyokwenda kuomba kazi aliniuliza swali moja tu.

"Unaogopa nge?"

"Naogopa."

"Vizuri. Anayesema haogopi nge ni mwongo, na mwongo ataniibia. Panda gari."

Ndani ya lori kulikuwa na watu watatu ambao ndio niliofanya nao kazi muda wote. Dereva alikuwa mtu wa Busi, kule Kondoa, mwembamba, mwenye mdomo usiofunga. Mzee mmoja Mgogo wa upande wa Chamwino alikuwa na ng'ombe wachache nyumbani na alikuja mjini kwa sababu mvua zilikuwa zimemwangusha misimu miwili. Wa tatu alikuwa mwanamke wa miaka thelathini na kitu, mwenye mabega mapana kuliko yangu. Nilimwita dada. Yeye aliniita mdogo wangu akiwa na furaha, na msomi akiwa hana.

"Shikamoo mzee," nilisema nilipopanda.

"Marahaba. Mbukwenyi," akaongeza salamu ya Kigogo, akanitazama nitajibuje. Nikarudia shikamoo. Wote wakacheka, na tangu hapo nikawa wao.

Kazi ilikuwa na sheria zake. Fenicha, milango na mabati vilikuwa vya tajiri. Takataka zilikwenda kwenye jalala nje ya mji. Lakini katika kila nyumba tajiri alituachia kitu kimoja kizuri, na kitu hicho kilikwenda kwa zamu. Leo yako, nyumba inayofuata ya mwenzako. Mwenye zamu alichagua anachotaka, akakiwekea alama ya chaki, na hakukipeleka nyumbani hadi siku ya mwisho tajiri atakapopita kukagua. Zamu haikuvunjwa. Ukikuta redio nzima chini ya kitanda na zamu ni ya mwenzako, unampelekea na unamwambia hongera. Mimi zamu yangu ya kwanza ilinipa taa ya chemli, na ya pili kioo. Dereva alipata baiskeli isiyo na magurudumu, akaipenda kama mtoto. Mzee alichagua kamba siku zote, hata pale palipokuwa na viatu.

Tulifanya kazi mikono mitupu na ndala miguuni. Nilishangaa siku za mwanzo, nikauliza kwa nini hakuna anayevaa glovu.

"Ukivaa glovu utajuaje umeshika nini?" dada alinijibu. Alikuwa ameingiza mkono hadi kwenye kiwiko katika bomba la sinki lililoziba. "Mikono ndiyo inaona, mdogo wangu. Hapa nilishawahi kutoa pete."

"Na wembe?"

"Na wembe pia. Nilitoa vyote viwili siku moja." Akanionyesha kovu, akarudisha mkono kwenye bomba.

Kitu kimoja tu tajiri alitununulia kwa ajili ya afya zetu, na hicho hakukikosesha hata siku moja: maziwa. Kila nyumba yenye vumbi baya au harufu mbaya, wamama waliotoka vijijini na ndoo za maziwa kichwani walisimamishwa mlangoni, na kila mmoja wetu akapimiwa kikombe kikubwa kabla ya kuanza na kingine tukimaliza. Maziwa yanakata sumu. Hilo lilijulikana na kila mtu. Mafundi rangi walikunywa, wachomeleaji walikunywa, watu wa mashine za kusaga walikunywa. Mimi mwenyewe nikiwa mdogo nilikunywa mafuta ya taa nikidhani ni maji, na mama akanishika pua akanimiminia maziwa mpaka nikatapika. Nilikua nikijua kwamba ndiyo yaliyoniponya. Kwa hiyo nilikunywa ya tajiri, na nilimwona mtu mwema. Hata sasa sisemi alikuwa mtu mbaya. Yeye mwenyewe alipokuja kukagua alikunywa kikombe chake, akafuta ndevu, akasema Alhamdulillahi, akaingia ndani ya vumbi lile lile.

Nilianza kubishana naye mwaka wa pili, baada ya mguu wa mzee. Tulikuwa tunatoa mbao za dari katika nyumba ya zamani ya bwana shamba. Msumari wenye kutu ukapita kwenye ndala ya mzee ukatokea juu ya mguu. Akauchomoa mwenyewe, akaosha kwa mafuta ya taa, akaendelea. Baada ya siku nne mguu ulikuwa umevimba kama mchi. Alilala nyumbani wiki tatu. Nilikwenda kumtazama, nikamkuta akijikokota kwenda chooni kwa makalio.

Nikamfuata tajiri nyumbani kwake, nikamkuta barazani.

"Tunaomba mabuti na glovu," nikasema.

"Nani anaomba?"

"Mimi."

"Kumbe wewe. Nilidhani umetumwa." Alinikaribisha kiti, akafikiri kwa dhati kabisa. "Sawa. Nimekusikia, kijana. Kuanzia kesho maziwa yatakuwa vikombe viwili kabla na viwili baada."

"Maziwa hayazuii msumari."

"Yanatia nguvu. Mwenye nguvu anakanyaga kwa uangalifu."

Kesho yake niliwaambia wenzangu. Wakashangilia. Vikombe vinne kwa siku! Dada akanipigia vigelegele, na dereva akasema sasa wana mbunge wao. Hakuna aliyeuliza habari ya mabuti. Hasira zikanipeleka mnadani, kwenye mitumba, nikajinunulia glovu za ngozi. Nilipofika nyumbani nikagundua zote mbili ni za mkono wa kushoto.

Nilizivaa hivyo hivyo. Kwenye mkono wa kulia, dole gumba la glovu lilibaki tupu upande wa kidole cha mwisho kama sikio la mbuzi.

"Msomi," dereva akasema, "na miguu pia yote ya kushoto?"

"Cheka. Siku utakayokufa wewe, vidole vyangu bado vitakuwa kumi."

"Kumi ndiyo, lakini upande mmoja."

Sikuzivua. Nilizivaa kila siku hadi zikapasuka, na kila mara tajiri alipopita nilihakikisha ananiona nimezivaa.

Kisha likaja ghala.

Lilikuwa kando ya reli, ghala refu la mabati la shirika lililokuwa likisambaza pembejeo kwa wakulima. Shirika lilishakufa. Mfanyabiashara mmoja alikuwa amelinunua aweke soda na bia, na alitaka liwe safi ndani ya wiki moja. Tulipofungua milango, harufu ilitoka ikatukuta pale nje. Ilikuwa kali, kama vitunguu saumu vilivyooza pamoja na mafuta ya taa, na ilikaa kooni hata ukitema.

Ndani kulikuwa na magunia yaliyoliwa na mchwa, mapampu ya kupulizia yaliyovunjika, na upande wa nyuma, juu ya mbao, mapipa kumi na moja ya chuma. Manane yalikuwa matupu au karibu matupu. Matatu yalikuwa na machicha ya majimaji chini, yanacheza ukiyatikisa.

Zamu ilikuwa ya dada.

Lazima nieleze pipa ni nini Dodoma. Mtu wa Njombe hawezi kujua, kwetu maji yanatiririka nyuma ya nyumba. Dada alikaa pembeni ya mji na mama yake na watoto wanne. Bomba la mtaa lilitoa maji siku mbili kwa wiki, na siku hizo foleni ya ndoo ilizunguka kona. Siku nyingine alinunua kwa wauza maji wa baiskeli, dumu kwa dumu. Aliniambia zaidi ya mara moja kwamba akipata pipa moja, la chuma, la lita mia mbili, lenye mfuniko, maisha yake yatabadilika. Siku ya maji atajaza, na watoto hawatakosa shule kwa kupanga foleni. Mvua ikinyesha atakinga bati. Alikuwa ameliombea pipa kama wengine wanavyoombea mume.

Sasa alikuwa na kumi na moja ya kuchagua. Aliyapitia yote, akiyagonga kwa ngumi na kusikiliza. Akachagua la kijani lisilo na kutu, akaliwekea alama ya chaki pande zote mbili.

"Mdogo wangu," akaniita, "njoo ulione. Lina hata mfuniko wake!"

Nilikwenda. Ubavuni kulikuwa na karatasi iliyochakaa yenye picha ya fuvu na mifupa miwili, na maandishi ya Kiingereza. Kiingereza changu cha kidato cha nne kilinitosha. Ilikuwa dawa ya kuulia kwelea kwelea, wale ndege wanaomaliza mtama na uwele, ile iliyokuwa ikimwagwa kwa ndege ya serikali. Iliandikwa isiguse ngozi. Iliandikwa chombo kikiisha kitobolewe na kuzikwa, kisitumike kwa jambo lolote.

Nikawasomea kwa sauti, neno kwa neno, kwa Kiswahili.

"Hilo fuvu," dereva akasema, "wanaweka ili watu wasiibe. Hata kwenye nguzo za umeme lipo."

"Kwenye nguzo za umeme umeme unaua!"

"Unaua fundi. Umewahi kuona umeme ukamwua mtu aliyepita zake?"

Mzee alikuwa amekaa kwenye gunia akifunga kamba ya ndala. Mguu wake ulikuwa umepona lakini alichechemea. "Hiyo dawa naijua," akasema taratibu. "Ndege ya serikali ilipita kwetu, asubuhi kwelea kwelea wamejaa chini kama majani. Tukaokota, tukakaanga. Tulikula siku mbili. Mbona nipo?"

"Nitaliosha," dada akasema. "Kwa majivu na maji ya moto."

"Dada, haitoki."

"Wewe umeosha mangapi?"

Tajiri alifika kabla ya saa nne, na wamama wa maziwa nyuma yake. Akayaona mapipa, macho yakang'aa. La dada ni la dada, akasema, zamu ni zamu. Yale kumi yaliyobaki yatakwenda sokoni, watu wanahitaji vyombo vya maji. Tumwage machicha, tuyasuuze, Jumamosi atayabeba. Nikamsomea na yeye karatasi. Akasikiliza mpaka mwisho, kwa heshima.

"Ndiyo maana nimeleta maziwa mengi," akasema, akanipa kikombe.

Sikukipokea.

"Kunywa, kijana."

"Sinywi. Nataka glovu za mpira kwa watu wote, na mapipa yatobolewe kama ilivyoandikwa."

Mtu hakatai maziwa Dodoma, ni kama kukataa mkono wa salamu. Mama aliyeyaleta alinitazama kana kwamba nimemtukana yeye. Tajiri alikinywa kikombe changu mwenyewe, chote, bila kuniondolea macho. Kisha akaondoka.

Mzee ndiye aliyemwaga machicha. Alikunywa vikombe vyake vyote vinne kabla ya kuanza, akaviringisha mapipa matatu hadi kwenye mtaro nyuma ya ghala, akayainamisha moja baada ya jingine. La tatu lilimrukia. Niliona shati lake limelowa kifuani na mkononi. Nikamwambia avue, aoge. Akasema litakauka, jua lipo.

Saa saba mchana alikuwa anatoka jasho kama mtu aliyemwagiwa ndoo. Mate yakamtiririka, akashindwa kuyazuia. Akaniambia ghala limekuwa giza. Nikatazama macho yake, na mboni zilikuwa zimesinyaa kama ncha ya kalamu. Kisha nyama za mikono zikaanza kuchezacheza zenyewe chini ya ngozi, akatapika maziwa yote.

"Mpeni mengine!" dada akalia. "Yaliyokata sumu yametoka, mpeni mengine!" Na aliyamimina kinywani kwake, mwanamke yule mwenye huruma, huku mzee akikabwa nayo.

Tukamlaza nyuma ya lori. Dereva, ambaye sikuwahi kumwona kimya, aliendesha hadi hospitali bila neno, honi ikilia njia nzima. Mganga wa zamu alimnusa mzee tu, akauliza ni dawa gani. Kabla ya kuondoka nilikuwa nimebandua ile karatasi, nikamkabidhi. Wakamvua nguo, wakamwosha kwa sabuni mwili mzima, wakamchoma sindano, na baada ya muda nyingine, na nyingine.

"Nani kampa maziwa?" mganga akauliza.

Dada akasema ni yeye.

"Mtu anatapika unammiminia maziwa? Yangeingia kwenye mapafu ungemwua wewe, si sumu. Na sumu hii imepita kwenye ngozi. Maziwa yanakwenda tumboni. Yanakutana wapi?"

Dada alikuwa anatazama mikono yake.

Mzee alipona. Siku ya tatu alikuwa ameketi kitandani akiuliza habari za kamba alizoacha ghalani. Tajiri alikuja kumwona, akalipia dawa zote bila kuombwa, akakaa naye muda mrefu. Alikuja na chupa ya maziwa. Muuguzi akaizuia mlangoni.

Nilidhani mambo yameisha. Mtaroni nyuma ya ghala tulikuta hua wanane wamekufa na paka mmoja. Mimi na dereva tukawafukia, tukatupia udongo juu ya mtaro mzima. Nilidhani kwa hayo kila mtu ameona. Lakini Ijumaa tajiri akasema ratiba ni ile ile: mzee aliumwa kwa sababu alimwagikiwa na dawa yenyewe, mapipa sasa ni matupu, yakisuuzwa ni chombo kama chombo kingine. Nilipomgeukia dada nikitegemea msaada, nikamkuta amechota majivu ndoo mbili na yuko ndani ya pipa lake hadi mabegani, anasugua.

"Ulikuwepo hospitali," nikamwambia.

"Nilikuwepo."

"Ulimsikia mganga."

"Nilimsikia akisema habari ya maziwa. Habari ya pipa hakusema." Sauti yake ilitoka ndani ya chuma ikiwa nene. "Wewe ukiondoka hapa utakwenda Arusha, utapata mto. Mimi nitabaki na foleni. Niache, msomi."

Sikulala vizuri. Niliwaza watoto wake wanne na mama yake wakichota humo kwa kikombe. Niliwaza watu kumi nisiowajua watakaonunua sokoni Jumamosi, wakishukuru kwa bei nzuri. Nilijua kwamba nikibishana tena nitapewa kikombe kingine.

Jumamosi niliwahi kabla ya wote. Nilichukua sululu kwenye lori, nikavaa glovu zangu mbili za kushoto, nikaanza na pipa la kwanza. Chuma kile kilikuwa kigumu, pigo la kwanza lilinitetemesha hadi kwenye meno. La pili likaingia. Nikatoboa chini, ubavuni na juu, ili hata fundi asiweze kuliziba. Mlio ulikwenda hadi stesheni. Nilikuwa kwenye la sita dereva alipofika. Akasimama mlangoni, akawasha sigara.

"Utafukuzwa," akasema.

"Najua."

"Basi piga la pembeni vizuri, tundu lake dogo."

Nilipomaliza la kumi dada alikuwa amefika. Hakupiga kelele. Alipita mbele yangu akaenda kukaa juu ya pipa lake la kijani, amekunja mikono, kanga ameifunga kiunoni kama mtu anayengoja ugomvi.

"Shuka, dada."

"Sishuki."

"Nitalitoboa."

"Ni zamu yangu. Miaka miwili sijawahi kugusa cha zamu yako. Ulipopata kioo nilikitaka, watoto wangu hawana kioo. Nilisema kitu?"

"Hukusema."

"Basi nenda zako."

Alikuwa na haki, na hilo ndilo lililoniuma. Sheria pekee tuliyokuwa nayo sisi wazoa taka, ambayo hakuna aliyetupa, tuliyojiwekea wenyewe, ilikuwa hiyo, na mimi ndiye niliyekuwa naivunja. Nikainama, nikalenga chini kabisa, mbali na miguu yake, nikapiga. Alilihisi pigo kupitia chuma, akaruka kama aliyeungua. Nikapiga la pili, sululu ikazama. Nilipoinuka alinizaba kofi ambalo lilinilia sikioni hadi mchana.

Tajiri alikuta mapipa kumi na moja yenye matundu na mimi nimekaa katikati yake. Alitembea akiyahesabu kwa kidole. Nilitegemea atukane. Aliniuliza tu kwa nini, na nikamwambia, na akatikisa kichwa kama baba.

"Omba radhi mbele ya wenzako," akasema. "Kwangu na kwa huyu mama uliyemdhulumu zamu yake. Uombe, tuyasahau, urudi kazini."

"Siombi."

"Hata kwake?"

Nilimtazama dada. Alikuwa amenipa mgongo.

"Hata kwake."

"Basi wewe na mimi basi."

Nikaiweka sululu kwenye lori. Nimefanya kazi mahali pengi tangu siku ile, machimboni, bandarini, kwenye mashamba ya miwa, na kila mahali nimeambiwa niombe radhi kwa sababu niliuliza glovu ziko wapi. Nimekuwa hodari wa kukataa. Lakini kukataa kwa kwanza kulikuwa kugumu kuliko kote, kwa sababu aliyedhulumiwa alikuwepo, na alikuwa rafiki yangu.

Jumatatu niliondoka. Nilimpelekea mzee hospitalini kamba zake, akaniombea safari njema kwa Kigogo. Lori la mkaa lilikuwa linarudi Kondoa saa nne, na dereva wetu aliniombea nafasi kwa ndugu yake aliyekuwa akiliendesha. Ilikuwa siku ya maji. Nikaazima madumu mawili, nikapanga foleni na wanawake, nikayabeba hadi kwa dada.

Alikuwa uani anafua. Hakunikaribisha. Niliyaweka karibu na jiko.

"Unaondoka?" akauliza bila kuinua kichwa.

"Naondoka."

"Pipa langu ulilitoboa."

"Nililitoboa."

"Na ungekuwa na hiyo sululu leo?"

"Ningelitoboa."

Akakamua nguo, akaianika, akaivuta kila pembe hadi ikanyooka. Mama yake alitoka ndani na masufuria, akamimina dumu la kwanza lote, kisha la pili. Mtoto mdogo akaja na kikombe akachota akanywa, akajifuta kwa mkono.

"Madumu mawili hayafiki jioni," dada akasema.

Nikayachukua, nikarudi kwenye foleni. Ilikuwa imezunguka kona. Lori la mkaa lilipita nikiwa bado mtu wa kumi na tano kutoka kwenye bomba, ndugu yake dereva akapiga honi, nikamwashiria aende. Niliyajaza, nikayarudisha, nikayaweka palepale. Nikabeba begi langu nikaenda kusimama barabara ya Kondoa, na saa tisa nilipata gari jingine.